Taa za tangi la matumbawe nyumbani Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu ofisi za serikali zihamie huku watu wa pwani wamejaa mjini, na kila mwenye sebule kubwa Kisasa, Ilazo au Iyumbu anatamani kipande cha bahari ukutani. Hakuna ubaya, ila maswali ni yale yale na karibu yote yanaishia kwenye taa. Nimeyakusanya hapa. Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili tusisumbuane: unaanza kuchagua matumbawe unayotaka kufuga, alafu taa inafuata. Wengi wanafanya kinyume, wananunua taa kubwa kwanza kisha wanatafuta kitu cha kuiwekea chini yake.

Kwani taa ya kawaida ya sebuleni haitoshi?

Kama unafuga samaki tu inatosha kabisa. Samaki anachotaka ni kujua sasa mchana sasa usiku basi, weka LED yoyote inayokupendezea macho na hela inayobaki peleka kwenye pampu na kichujio.

Shida inaanza ukitaka matumbawe. Tumbawe ni mnyama, ila ndani ya nyama yake kuna mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, na mwani huo unachukua mwanga unatengeneza sukari ambayo tumbawe linakula. Sehemu kubwa ya chakula chake inatoka humo, sio kwenye hivyo vichupa unavyomwagia kwenye maji. Ukiliweka chini ya balbu ya wati 9 ya dukani halifi leo wala kesho, linasinyaa mdogo mdogo mwezi hadi mwezi na wewe muda wote unalaumu maji, unabadilisha chumvi, unabadilisha chakula, kumbe lina njaa.

PAR ni nini? Kila nikiuliza taa naambiwa PAR

Ni kipimo cha mwanga ambao mwani au mmea unaweza kuutumia, yaani ni kiasi gani kinaangukia eneo fulani kila sekunde. Kukupa picha tu, jua la saa sita mchana hapa Dodoma bila wingu linafika kwenye 2,000 hivi. Matumbawe ya nyumbani hayahitaji hata robo ya hiyo.

Yale laini kama Discosoma, wale wanaofanana na uyoga, wanaridhika na 30 hadi 80, na ukiwazidishia wanajikunja kingo. Zoanthus na Sarcophyton, nayo tunayahesabu kwenye laini, wape 50 hadi 150. Magumu yenye vinyama vikubwa, ambayo wazoefu wanayaita LPS, kwa mfano Euphyllia ile yenye mikono mirefu inayoyumba, 80 hadi 150 inakaa vizuri. Magumu ya vinyama vidogo, SPS, Acropora na ndugu zake, hapo ndo unaongelea 200 hadi 350 na taa ya maana, na ukweli ni kwamba mwanga sio kitu pekee wanachokudai, maji yao pia ni ya kubembelezwa kila siku.

Kwahiyo mtu akiniuliza taa gani nzuri mi namuuliza unataka kufuga nini. Akisema Zoanthus na uyoga namwambia usitoe mamilioni, hauna haja nayo.

Nina tangi la futi tatu, ninunue taa ya wati ngapi?

Achana na wati. Kupima taa ya matumbawe kwa wati ni sawa na kupima utamu wa pilau kwa kuni zilizoungua. Wati zinakuambia luku itakavyoenda, hazikuambii mwanga uliofika kwenye jiwe la chini. Taa mbili za wati 100 zinaweza kutofautiana mara mbili kutokana na lenzi, rangi ya balbu na urefu ulioitundika.

Angalia vitu viwili. Cha kwanza eneo, taa nyingi za LED za boksi moja zinahudumia vizuri eneo la sentimita 60 kwa 60, kwahiyo futi mbili taa moja, futi nne taa mbili, na futi tatu ndo ile ya katikati inayosumbua, ambapo taa moja inakuachia kona za giza. Kona za giza sio msiba lakini, weka uyoga huko. Cha pili ni kina, tangi la sentimita 40 kwenda chini linawashwa kirahisi, la sentimita 60 na kuendelea linataka taa yenye nguvu au uridhike kwamba matumbawe yanayopenda mwanga yatakaa juu ya mawe.

LED, tubu za T5 au metal halaidi?

Kwa Dodoma jibu langu ni LED, nitaeleza kwanini, ila hizo nyingine sio takataka.

Metal halaidi ndo ilikuwa mfalme zamani, ina ule mng'aro wa kuchezacheza kwenye mchanga kama uko kisiwani Mbudya saa tano asubuhi na matumbawe yanaipenda. Lakini balbu yake ni ya wati 150, 250 au 400, inachemsha maji na inachemsha chumba, na balbu inabadilishwa kila mwaka hivi. Sasa fikiria Oktoba na Novemba hapa, mvua haijaanza, nje nyuzi 30 na kitu, unaongeza jiko juu ya tangi ambalo linatakiwa likae nyuzi 24 hadi 27. Utahitaji mashine ya kupoza maji, na hiyo nayo inakula umeme. Hapana.

T5 ni tubu nyembamba za floresenti. Uzuri wake mwanga unasambaa sawasawa, hakuna kivuli kikali chini ya tumbawe, na zipo za wati 24, 39 na 54 zinazoingia kwenye tangi la futi mbili, tatu na nne. Ubaya, zinachoka kila miezi 9 hadi 12 hata kama bado zinawaka vizuri machoni, na tubu ya rangi ya matumbawe huipati duka la umeme hapa mjini, ile ya dukani ni nyeupe ya kuwashia korido. Lazima uagize, na tubu ndefu ya kioo ikisafiri kwenye buti la basi ujue unacheza kamari.

LED inatoa joto dogo kuelekea majini, unaiongeza na kuipunguza utakavyo, na balbu zake kwa kawaida zinaandikiwa masaa 50,000 ambayo ukiwasha masaa 9 kwa siku ni zaidi ya miaka 15. Usiamini hiyo miaka 15 lakini, kabla haijafika feni itakuwa imekwama au kile kiboksi cha umeme kimekufa. Kwahiyo kabla hujanunua uliza kama feni na hicho kiboksi vinauzwa peke yake.

Kwanini zote ni za bluu? Sebule inakuwa kama disko

Maji yanameza rangi. Nyekundu inaishia kwenye mita chache za juu, bluu ndo inayofika mbali, na matumbawe yamezoea kuishi kwenye bluu hiyo kwa hiyo mwani wao umejipanga kuitumia. Taa nzuri ya matumbawe ina nguvu kubwa kati ya nanomita 400 na 480, yaani zambarau hadi bluu. Ile nyeupe ni kwa ajili ya macho yako zaidi.

Na kuna faida nyingine ambayo ndo inayowanasa watu. Matumbawe mengi yana rangi zinazojing'arisha zikipigwa na bluu. Mchana unaona Zoanthus wa kijani ya kawaida tu, jioni, zima nyeupe zote bakiza bluu peke yake, kila kichwa kinawaka, duara la nje kijani ya limau na katikati chungwa, na mgeni uliyemkaribisha chai anaacha chai. Hapo hauwaongezei matumbawe chochote ila starehe nayo ni sababu ya kufuga.

Ile K kwenye boksi ni kipimo cha rangi ya mwanga: ukiona 10,000K hiyo inaonekana nyeupe, 14,000K nyeupe yenye ubluu, 20,000K bluu kabisa. Ya 6,500K na kushuka ni ya nyumba.

Taa za kuoteshea miche, zile za zambarau, je?

Hapana. Zimejaa nyekundu kwa ajili ya mimea ya nchi kavu. Utaotesha mwani tu, tena mzuri.

LED za Kichina za bei nafuu zinafaa?

Nyingi zinafaa, ndio. Yale maboksi meusi yenye swichi mbili, moja ya bluu moja ya nyeupe, watu wamefuga nayo hadi Acropora. Ila soma namba kwa akili. Ukiona wati 165 maana yake wamehesabu balbu 55 wakazidisha kwa wati 3, ukipima kwenye soketi unakuta pungufu kabisa ya hapo. Hiyo haina shida, ni habari njema kwa luku, ila usilinganishe na taa nyingine kwa hiyo 165.

Usumbufu wake ni lenzi. Wengi wanafunga lenzi nyembamba zinazorusha mwanga kama tochi, chini ya taa kabisa kunaungua na pembeni kuna giza. Itundike juu zaidi, sentimita 30 au hata 40 juu ya maji, mwanga utatawanyika. Anza bluu asilimia 40 na nyeupe 10, sio zaidi. Kuna mtu ataiwasha zote mia kwa mia siku ya kwanza kwasababu amelipia, alafu wiki ya pili anatuma picha ya matumbawe meupe.

Sina mita ya PAR, nitapimaje?

Mita ya PAR ni ghali na haina maana kununua kwa tangi moja, bora mchange kikundi mkaazimana. Apu za simu za kupima mwanga zinapima kwa jinsi jicho la binadamu linavyoona, na jicho linapenda kijani, kwa hiyo chini ya bluu simu inakudanganya inakupa namba ndogo. Usiibadilishe hiyo namba kuwa PAR kwa fomula uliyookota mtandaoni, fomula hizo ni za mwanga mweupe.

Inachofaa simu ni kulinganisha sehemu na sehemu. Kabla hujajaza maji washa taa, laza simu kwenye sakafu ya tangi katikati, alafu kona zote nne, alafu juu ya jiwe. Kama katikati inasoma mara tano ya kona, sasa unajua nani akae wapi.

Baada ya hapo mita yako ni tumbawe lenyewe. Likipauka kuanzia juu, mwanga umezidi. Likiwa kahawia, au likirefuka shingo kuelekea juu kama mche uliooteshwa ndani, mwanga haumtoshi, ingawa kahawia inaweza pia kusababishwa na naitreti na fosfeti nyingi, yaani uchafu wa majini unaotokana na chakula na kinyesi cha samaki. Tumbawe linapopata mwanga kidogo linaongeza mwani ndani yake ndo maana linakuwa kahawia, na likizidiwa linaufukuza, ndo huo weupe unaosikia wakati bahari inapata joto, kama ilivyotokea pwani yetu 1998.

Kati ya hizo mbili mi naogopa mwanga mwingi zaidi. Lenye njaa unalipandisha juu kidogo linarudi, lililoungua, mara nyingi halirudi.

Niwashe masaa mangapi, na saa ngapi hadi saa ngapi?

Masaa 8 hadi 10. Hakuna sheria kwamba lazima yaendane na jua la nje, tangi halijui saa ya ukutani. Kwa mtu wa ofisini naona saa sita mchana hadi saa tatu usiku inafaa. Lakini miezi ya joto sogeza mbele, saa tisa alasiri hadi saa sita usiku, ili ule wakati bati linapochemsha chumba taa isiwe inaongeza lake, na wewe ukirudi kutoka kazini unakuta sherehe inaendelea. Taima ya soketi inauzwa maduka ya umeme, tumia hiyo, mkono wa mtu unasahau.

Usiku giza liwe giza. Taa ndogo ya bluu ya mapambo usiku kucha haisaidii kitu.

Jua la Dodoma ni la bure, si niweke tu tangi dirishani?

Nalipenda hili swali kwasababu kimsingi liko sahihi, hakuna taa inayolishinda jua. Tatizo ni dirisha. Dirisha linaleta mwanga kutoka ubavuni, kwahiyo kioo cha upande huo kinageuka zulia la mwani na matumbawe yanaota yameinama. Linaleta pia joto ambalo huwezi kulipunguza kwa kitufe, tangi la lita 100 linalopigwa jua la alasiri linapanda nyuzi kadhaa kwa mchana mmoja, na maji yakipita 29 au 30 unaanza kupoteza vitu.

Mwenye nyumba yake anaweza kuweka bati la plastiki linalopitisha mwanga juu ya tangi, lile lenye weupe wa maziwa linalotawanya mwanga, na akaongezea taa ya bluu jioni. Inafanya kazi. Ila ni mradi wa mtu anayeijua tayari temperecha ya maji yake kwa kila saa.

Kuhusu joto kuna kitu ambacho wenzetu wa Dar wanatuonea wivu, huku hewa ni kavu. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji inashusha nyuzi 2 hadi 3, Dar kwenye unyevu ule haishushi hivyo. Gharama yake ni kwamba maji yanapungua kwa kasi na chumvi inabaki, kwahiyo unaongezea kila siku maji matamu yaliyochujwa kwa mashine ya RO, ile inayoondoa hadi chumvi iliyoyeyuka. Sio maji ya bahari, na usichukue ya kisima ati kwa vile yana chumvi chumvi, ile chumvi ya ardhini ni mchanganyiko mwingine kabisa.

Luku itaenda kiasi gani?

Wati zidisha masaa gawanya kwa 1,000, hizo ndo units. LED inayovuta wati 100 kwa masaa 9 ni 0.9 kwa siku, 27 kwa mwezi. T5 nne za wati 39 ni kama 42 kwa mwezi. Metal halaidi moja ya 250 ni karibu 68 kabla hujahesabu balasti, kile kifaa kinachoiendesha balbu, na kama uko kwenye ile tarifu ya D1 ya watumiaji wadogo yenye kikomo cha units 75 kwa mwezi umeshaimaliza hata hujachemsha maji ya chai. Pampu zinawaka masaa 24, hizo zipigie hesabu zake.

Umeme ukikatika taa nifanyeje?

Usifanye kitu. Kweli kabisa. Matumbawe yanakaa siku mbili tatu gizani bila neno, baharini huko mawingu na maji machafu ya mvua yapo. Kinachoua ni maji kusimama, hewa inaisha ndani ya masaa. Kwahiyo betri, invata au sola yako ifunge kwenye pampu ya kuzungusha maji au ya hewa, sio kwenye taa. Nimeona mtu ana invata nzuri tu, tangi linang'aa bluu usiku, pampu imezima, samaki wanahema juu.

Umeme ukirudi ndo kuna la taa. Ule unaorudi kwa kishindo unaua kile kiboksi cha LED, kwahiyo pitisha kwenye fridigadi au stabilaiza, ile ile ya friji. Na baada ya giza la siku kadhaa usirudishe mwanga wote kwa mara moja, anza nusu.

Matumbawe mapya nayaweka wapi?

Chini, kwenye mchanga, pembeni. Yamekuja na SGR au basi kutoka Dar ndani ya boksi la giza, ukiyatupa juu ya jiwe chini ya taa kamili umeyachoma. Siku ya kwanza acha taa imezimwa au bluu kidogo tu. Alafu pandisha jiwe kwa jiwe kila wiki, au yaache palepale upandishe taa asilimia 5 kwa wiki. Euphyllia ikifurahi utaiona inajaza maji mikono inayumba, ikijikunja ndani ya mifupa mchana kweupe irudishe ilipokuwa.

Na kabla mtu hajauliza, hapana, usiende kubandua Mbudya au Bongoyo, zile ni hifadhi za bahari, na matumbawe magumu yote yapo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea pori, hivyo yanasafiri nchi na nchi kwa vibali. Nunua vipande vilivyooteshwa kwenye matangi, tena hivyo vimeshazoea taa za LED.

Mwani umejaa kwenye kioo, nipunguze taa?

Pima naitreti na fosfeti kwanza, na angalia unalisha kiasi gani. Mara nyingi taa inasingiziwa. Ukikuta viko sawa, punguza nyeupe uache bluu.

Taa inasafishwaje?

Hili kwa Dodoma ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Upepo wa Julai na Agosti unaleta vumbi jekundu hata madirisha yakifungwa, feni ya taa inalivuta, na kwa chini kuna matone ya chumvi yanayoruka kutoka kwenye maji. Vikikutana kwenye lenzi vinatengeneza ukoko wa rangi ya chai ambao huuoni taa ikiwa inawaka, unaona tu matumbawe yamepoa rangi. Kila wiki izime taa, acha ipoe, futa lenzi kwa kitambaa laini chenye maji ya RO. Feni ipige brashi ya rangi iliyo kavu mara moja kwa mwezi. Ukisafisha baada ya muda mrefu punguza taa kidogo, kwasababu mwanga utaruka ghafla.

Na usalama?

Maji chumvi yanapitisha umeme vizuri mno. Waya wa taa uache ulegee ushuke chini ya soketi kabla haujapanda kuchomekwa, ili tone likitiririka lidondoke pale chini lisiingie kwenye soketi. Ekstensheni isilale sakafuni chini ya tangi. Mwambie fundi akufungie breka inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Na taa itundike kwenye dari au fremu inayobeba uzito kweli, sio msumari wa kuning'inizia kalenda.

Ndugu ananitumia taa kutoka Marekani, itawaka?

Soma maandishi ya adapta. Ikiandikwa 100-240V itawaka, unabadilisha kichwa cha plagi tu. Ikiandikwa 110 au 120V peke yake ukiichomeka kwenye 230 yetu inalia pwaa hapo hapo.

Kuna mtu anauza iliyotumika, niangalie nini?

Nenda usiku, au mwambie azime taa za chumba. Iwashe bluu peke yake uhesabu balbu zilizokufa, alafu nyeupe peke yake. Zipandishe hadi mwisho uache dakika ishirini usikilize feni, ikikwaruza omba punguzo. Geuza uangalie skrubu na tundu la waya, kukiwa na kutu ya kijani ujue chumvi imeshaingia ndani, hiyo muachie. Kama inaendeshwa kwa simu mwambie aitoe kwenye akaunti yake mbele yako na uiunganishe kwako kabla hujatuma hela, kuna watu wana taa nzuri kabisa sebuleni zinazowaka saa nane usiku kwasababu ratiba iko kwenye simu ya mtu aliyehamia Mwanza.